Kichwa Changu, Vidole vya Mama

Mama alipopatwa na kiharusi alikuwa anasuka nywele, na hakujua kwamba ameacha kusuka.

Nilisimuliwa na mteja aliyekuwa ameketi mbele yake asubuhi hiyo, mwalimu wa chekechea anayeishi jengo la tatu kutoka letu hapa Kayole. Alikuwa mteja wa Mama kwa miaka mingi. Siku hiyo alitaka mistari myembamba ya kurudi nyuma, na Mama, kama kawaida yake, alikuwa anasuka huku akipiga hadithi. Hadithi yenyewe ilihusu harusi fulani ya kanisani kwetu ambapo keki iliteleza mezani ikamwangukia mpiga picha. Mwalimu akacheka, kisha akangoja kuvutwa nywele tena. Hakuvutwa. Mama aliendelea kusimulia tu.

"Mama, umechoka?" mwalimu akauliza.

"Nichokeshwe na nini? Si ninasuka?"

Mwalimu akageuka. Mkono wa kushoto wa Mama ulikuwa bado umeshika nywele. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kando ya stuli, na kitana kilikuwa chini mchangani. Mdomo wa Mama ulikuwa umeanza kwenda upande.

"Mama, mkono wako uko chini."

"Upi?" Mama akauliza.

Mwalimu aliniambia baadaye kwamba ni hilo neno moja lililomtia hofu kuliko ule mdomo. Hakungoja. Alimwita fundi wa magari wa pale kona, wakambeba Mama wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari la mteja fulani lililokuwa likitengenezwa breki, na kwa bahati breki zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Mimi nilikuwa kazini Industrial Area, ambako ni karani katika kampuni ya kuuza matangi ya maji. Nilipofika hospitalini nilimkuta mwalimu kwenye benchi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imesimama wima. Alikuwa amekaa hivyo kwa saa tatu mbele za watu. Alinishika mkono akaniambia, "Yuko hai. Anaongea. Ameniuliza nani atanimalizia nywele."

Nieleze Mama ni nani. Alizaliwa upande wa magharibi, akaletwa Nairobi na ndoa. Baba alifanya kazi ya reli, na nyumba yetu ya kwanza ilikuwa Ziwani, chumba kimoja na kibaraza ambapo Mama alianza kuwasuka majirani bila malipo, kwa kupenda tu. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Tulihamia Kayole, na mikono yake ikawa ndiyo ajira. Alijenga kibanda cha mabati karibu na duka la maziwa, akaweka stuli mbili na kioo, basi.

Alikuwa anasuka bila kuangalia. Hilo ndilo watu walilomjulia. Macho yake yalikuwa barabarani, yakiwasalimu wapita njia, na vidole vilikuwa vinajiendesha vyenyewe, vinagawa nywele, vinapinda, vinavuta, vinafunga. Akikugusa tu kichwa alijua kama nywele zako zimechomwa na dawa, kama una upele, kama ulisukwa na mtu mwenye hasira. Alipenda kusema, "Macho ni ya kuangalia majirani. Nywele ni za vidole."

Na mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa na kichwa cha kinyozi. Nilipokuwa mdogo nilichukia kusukwa. Nilikaa chini katikati ya magoti yake nikilia, naye akanigonga bega kwa mgongo wa kitana: tulia! Mshahara wangu wa kwanza nilipoupata nilienda moja kwa moja kunyoa. Niliporudi nyumbani Mama alinitazama, akasema, "Sawa," akaendelea kusonga ugali. Miaka yote iliyofuata aliwatania wateja: "Wangu mimi si wa msusi, ni wa kinyozi." Walicheka, naye alicheka nao. Sikuwahi kumuuliza kama ilimuuma.

Hospitalini daktari alituonyesha picha ya ubongo wa Mama. Sisi tuliona vivuli tu. Yeye aliona doa dogo, akaliwekea ncha ya kalamu. Alituambia kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotawala upande wa kulia wa mwili, na kwamba doa lile lilikuwa mahali pa ndani kabisa, mahali ambapo habari zote kutoka kwenye ngozi na viungo hupokelewa kabla ya kupelekwa kwingine. Joto, baridi, mguso, hata habari ya mkono uko wapi na umekunjwa vipi, zote hupitia hapo. Mshipa mdogo wa damu ulikuwa umeziba, na sehemu hiyo ikakosa damu.

Mama, ambaye bado maneno yake yalikuwa mazito mdomoni, aliuliza, "Ni kama stesheni?"

"Ndiyo, Mama. Ni kama stesheni."

"Kwa hivyo treni zinafika, lakini hakuna wa kuzipokea."

Daktari alimtazama kidogo kisha akatabasamu. "Sijawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo." Halafu akamuuliza kuhusu dawa za presha. Mama akaangalia dirishani. Alikuwa ameacha kuzimeza tangu Pasaka kwa sababu alijisikia mzima.

Mdomo ulinyooka baada ya siku chache. Nguvu za mkono nazo zilirudi haraka kuliko tulivyoambiwa tutarajie. Mama alipotoka hospitalini aliweza kuinua mkono hadi begani na kukunja ngumi. Akina mama wa kanisa walikuja wakaimba, wakapiga makofi, na Mama akapiga makofi pamoja nao, ingawa viganja vyake havikuwa vinakutana vizuri. Sote tuliamini mambo yamekwisha.

Siku hiyohiyo, wageni wakiwa bado wamekaa, nilimpa kikombe cha chai. Alikishika sawasawa, akakiangalia, akanywa. Kisha mtu mmoja akamwita kutoka upande wa mlango, naye akageuka kumjibu. Kikombe kikatoka mkononi kama kimeachwa na mtu aliyelala. Kilivunjika kwenye saruji, na Mama akaendelea kuongea, vidole bado vimejikunja nusu, mpaka alipoona watu wote wanaangalia sakafu.

"Nani ameangusha?" akauliza.

Kisha akaangalia mkono wake.

Baada ya hapo tuligundua kidogo kidogo ni nini ambacho hakikurudi. Yai lilipasuka kiganjani kwa kuminywa. Kitufe cha blauzi kilimshinda asipokiangalia. Ufunguo ulipotea ndani ya mfuko wa rinda, mkono ukiwa ndani ya mfuko huohuo. Na Jumanne moja nilisikia harufu ya kitu kinaungua, nikakimbia jikoni, nikamkuta anakoroga uji kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeegemea ukingo wa sufuria. Niliuona mkono unaungua kabla yeye hajaujua. Nilipouvuta na kuuweka majini, hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu hayakuwapo.

"Huu si mkono wangu," aliniambia nikimpaka dawa. "Hospitali wameniwekea wa mtu mwingine."

Akaanza kuuficha ndani ya leso. Kwa watu wetu kumsalimu mtu kwa mkono wa kushoto ni kumvunjia heshima, kwa hiyo kila alipokutana na mtu alianza kwa kuomba radhi. Baada ya muda akaona ni afadhali asikutane na watu. Kibanda kikawa kimefungwa kwa kufuli.

Mimi nilifanya nilichodhani ni mapenzi. Nilimfunga vifungo. Nilimkatia ugali vipande vidogo. Nilimkataza jikoni kabisa, na asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimwachia chai kwenye chupa na kikombe cha plastiki. Jioni nikirudi nilimkuta amekaa palepale. Nyumba ilikuwa safi, na Mama hakuwa ameungua. Nikajiona binti mwema.

Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, tuliyepelekwa kwake alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Ukambani, mwenye vidole vifupi na maneno machache. Alituambia babake alikuwa mchonga vinyago, na kwamba alijifunza kuangalia mikono ya watu kabla ya kujifunza kusoma. Alimwambia Mama afunge macho. Akamshika kidole gumba cha kulia, akakisogeza polepole.

"Nimekipeleka juu au chini?"

"Juu," Mama akasema. Kilikuwa chini.

"Na sasa?"

Mama akauliza, "Umekishika?"

Kisha fizio akauchukua mkono wote wa kulia akauweka mezani, mbali kidogo, akasema, "Usifungue macho. Tumia wa kushoto, uutafute wa kulia."

Mkono wa kushoto wa Mama ulienda kwenye paja lake. Ukaenda kwenye kiti. Ukapapasa meza kama unavyopapasa miwani asubuhi, ukapita karibu kabisa na ule mwingine, ukaukosa, ukarudi. Nilitoka nje ya chumba nikasimama karibu na bomba mpaka nikaweza kurudi.

Niliporudi fizio alikuwa anaeleza. Misuli ni mizima, alisema. Amri inatoka ubongoni, inateremka kwa uti wa mgongo, inafika kwa vidole, na vidole vinatii. Lakini kila amri inahitaji jibu. Mkono unatakiwa useme: nimefika, nimeshika, kinateleza, ni cha moto. Ubongo unalisikia jibu hilo na kurekebisha hapohapo, mara nyingi ndani ya tendo moja, bila mwenyewe kujua. "Mkono wa Mama unasikia amri," alisema, "ila majibu yake hayafiki. Na ubongo usipojibiwa hufanya moja kati ya mawili. Ama unaminya kupita kiasi kwa wasiwasi, ama unasahau kwamba ulikuwa umeshika kitu."

"Yatarudi?" nikauliza.

Badala ya kunijibu alimgeukia Mama. "Spine Road ikifungwa, watu wa Kayole hukaa nyumbani?"

Mama akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Wapi! Wanapita njia za panya."

"Basi. Ubongo nao ni wa Kayole. Unaweza kutafuta njia za panya. Si haraka, na si lazima zifike kote. Lakini njia haitokei mpaka mtu aipite, na aipite tena na tena." Kisha akaniangalia mimi. "Na wewe, dadangu, ndiye umeweka mawe kwenye njia. Mtu anayefungiwa vifungo mkono wake hauna safari ya kwenda."

Sikumpenda siku hiyo.

Alitupa kazi ya nyumbani. Beseni la maharagwe makavu, na ndani yake tufiche kijiko, kifungo kikubwa, kifuniko cha chupa, gunzi la mahindi. Mama afumbe macho, aingize mkono, atafute, aseme ni nini. Halafu vitambaa: gunia, leso, sponji, na kipande cha sweta kuukuu. Kila kimoja kisuguliwe mkononi, kwanza akiangalia, kisha asiangalie.

Mama alivumilia wiki mbili. "Nimezika mume, nimelea mtoto peke yangu, na sasa nacheza kwenye beseni la maharagwe." Hakupata hata kijiko. Aliinua gunzi akasema ni kifuniko. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba inanukia vitunguu na dhania. Mama alikuwa amekiuka amri yangu, ameingia jikoni, na ameyapika yale maharagwe.

"Angalau yafanye kazi yake," alisema.

Tulikula. Ukweli ni kwamba yalikuwa matamu. Katikati ya sahani yangu nikauma kitu kigumu. Kilikuwa kile kifungo. Nilikitoa mdomoni nikakiweka mezani kati yetu, na sisi wawili tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Kisha kicheko cha Mama kikageuka kilio, nami nikahamisha kiti changu nikakaa karibu naye.

Nilimsimulia fizio hayo yote. Hakucheka. Aliuliza, "Huu mkono ulikuwa unajua kazi gani kuliko zote?"

Mama aliangalia sakafu. Ni mimi niliyejibu. "Kusuka."

"Basi asuke. Ubongo haujali maharagwe kama haukuwahi kuyapenda."

"Asuke kichwa cha nani?" Mama akasema. "Nani atanipa kichwa niharibu?"

Nilihisi wote wawili wakiangalia nywele zangu, ambazo hazikuwa ndefu kuliko ukucha.

Nikaacha kwenda kwa kinyozi. Ni jambo dogo, lakini kwangu halikuwa dogo. Kazini walinitania. "Niaje, kinyozi amehama?" Nilisema tu nimeamua. Wakati nywele zikiota, Mama alifanya mazoezi kwa nyuzi za katani nilizozifunga nyuma ya kiti, na aliyafanya kwa moyo zaidi kuliko ya maharagwe, ingawa alizikata mara kwa mara kwa kuzivuta mno.

Jumapili ya kwanza tulipokaa nywele zilikuwa zimefika urefu wa kidole. Tulikaa kwenye kile kijia cha mbele ya milango, chini ya kamba za nguo. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na nilikaa chini katikati ya magoti ya Mama kama nilivyokuwa nakaa Ziwani. Alinipaka mafuta. Mkono wa kushoto ulinijua mara moja. Ule wa kulia ulikuja polepole, mzito, ukaniangukia kichwani, ukaanza kutafuta.

Aliposhika shada la kwanza na kulivuta, machozi yalinitoka yenyewe. Alivuta kama anang'oa mahindi.

"Nakuumiza?" akauliza.

"Hapana."

"Kweli?"

"Endelea tu, Mama."

Alisuka mistari mitatu kwa saa mbili. Kichwa kilinigonga mpaka Jumatatu, lakini nilifurahi, kwa sababu nilimsikia akiimba alipokuwa anaosha kitana. Jumapili iliyofuata tukakaa tena. Akauliza, nikasema hapana. Ya tatu vivyo hivyo.

Mwalimu ndiye aliyenifichua. Alipita kutusalimu tukiwa tumekaa palepale, akainama juu ya kichwa changu, akashtuka. "Mbona kichwa kimetoka vipele hivi? Huyu anavutwa namna gani?"

Vidole vya Mama vilisimama. Niliposikia kitana kimewekwa chini, nilijua hakikuanguka. Kilikuwa kimewekwa. Mwalimu aliaga upesi.

"Uliniambia huumii," Mama akasema.

"Sikutaka uache."

"Nilikuuliza. Jumapili tatu nakuuliza."

"Mama, ulikuwa umeanza kuimba. Ningekuambiaje?"

Alinigeuza kwa mabega mpaka nikamwangalia. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu nikiwa mtoto niliyeiba sukari. "Nisikilize. Vidole vyangu havinijibu. Navituma kazi, havirudi kuniambia vimefanya nini. Macho yananionyesha nywele, lakini macho hayajui kuvuta kuna kiasi gani. Ni wewe tu unayejua. Kichwa chako ndicho kinachonijibu. Sasa kichwa nacho kikinidanganya, nani atanifundisha?"

Nilikuwa nimekaa naye kliniki miezi mingi nikiitikia maelezo ya fizio, na nilidhani nimeyaelewa. Niliyaelewa siku hiyo, nimekaa kwenye saruji, matone ya nguo za jirani yakinidondokea shingoni. Nilikuwa nimemfungia Mama njia mara ya pili, na mara zote mbili kwa huruma.

"Nisamehe," nikasema.

"Geuka. Nifumue nianze upya. Na uongee."

Basi tukaanza kuongea. "Legeza. Legeza bado. Hapo sawa. Sasa umeachilia. Kaza. Hapo, hapohapo." Mwanzoni nilisikia aibu, kama mtu anayemwamuru mzazi. Lakini Mama hakukasirika. Alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, kichwa kimeinama upande. Akisikia "hapo sawa" alikuwa anasimama kidogo kabla ya kuendelea, akiuangalia mkono wake kwa makini sana, na najua alikuwa anajaribu kuukariri ulivyokaa. Fizio aliposikia habari hiyo alisema hakuna zoezi alilowahi kutoa lililo bora kuliko hilo. Ubongo ulikuwa unapata jibu, alisema. Lilikuwa linapitia mlango mwingine tu.

Mistari ya kwanza ilienda kombo. Mmoja ulianza katikati ya paji ukaishia sikioni. Jumatatu asubuhi Mama alinisimamisha mlangoni.

"Funga kitambaa."

"Sifungi."

"Watakucheka ofisini."

"Wacheke. Mama yangu amenisuka."

Akasogea kando nipite. Nilipofika chini ya ngazi nikageuka kuangalia juu, nikamwona ameinama kwenye ukingo wa ghorofa ya tatu akinifuata kwa macho.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilienda vizuri. Baada ya miezi minane hivi hisia zilianza kurudi, na zilirudi vibaya. Zilikuja kama siafu wanaotembea chini ya ngozi, kisha kama pilipili. Upepo wa dirishani ukimgusa mkono alikuwa anauma meno. Kuna mchana mmoja alisema afadhali ganzi. Daktari alieleza kwamba ubongo ulioumia unaweza kuusoma mguso wa kawaida kama moto, akampa dawa iliyopunguza makali lakini ikamfanya asinzie. Kuna Jumapili ambazo hatukusuka kabisa. Alikaa na mkono umefunikwa kwa shuka laini, nami nikamsomea matangazo ya kanisa.

Lakini kulikuwa na Jumapili moja, mvua za mwezi wa nne zikiwa zimeanza. Tulikuwa tumeingiza stuli ndani. Alikuwa kwenye mstari wa nne, na nilihisi mkono unaanza kuvuta mno. Nilifungua mdomo niseme legeza, na kabla sijasema, ukalegea.

Nikanyamaza. Nilidhani ni bahati. Shada lililofuata ukavuta tena, ukalegea tena wenyewe.

"Mbona umenyamaza?" Mama akauliza.

"Umeshalegeza. Sijakuambia."

Mikono ikasimama. Nikageuka taratibu. Mama alikuwa amefumba macho. Kati ya kidole gumba na cha shahada alikuwa ameshika ncha ya nywele zangu, akiisugua polepole, kama mtu anayepima unga kama umesagika.

"Kuna kitu," alisema.

"Ni nywele, Mama?"

"Sijui kama ni nywele. Lakini kuna kitu."

Aliendelea kuisugua kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, mvua ikipiga mabati ya jengo la jirani. Sikuthubutu kusogea.

Imepita miaka miwili tangu siku hiyo. Kibanda kimefunguliwa, mchana tu, siku tatu kwa wiki. Mistari myembamba hawezi tena. Anasuka mikubwa, na anawasuka watoto wa shule matuta, na wateja wapya anawaambia kabla hawajakaa: "Nikikuvuta, sema. Usinionee haya." Vidole vya kulia vinajua kuna kitu, vinajua kinateleza, lakini havijui kutofautisha hariri na gunia. Kwa hiyo anasuka kwa macho. Na kwa sababu macho na akili yote viko kwenye mkono, hawezi tena kupiga hadithi. Hilo ndilo lililomhuzunisha kuliko yote, kwamba kazi ambayo zamani ilijiendesha yenyewe sasa inamhitaji yeye mzima. Siku hizi ni wateja wanaosimulia, naye anaitikia kwa "mmh" tu. Mwalimu anasema tangu Mama anyamaze amekuja kujua kwamba hata yeye ana hadithi.

Mimi bado nasukwa Jumapili. Nywele zimefika mabegani.

Mwezi wa saba mwaka huu, asubuhi ya ile baridi yetu ya ukungu, nilimsindikiza kliniki kupima presha. Tulikuwa tunangoja kuvuka barabara, magari hayaishi. Pakatokea nafasi, na Mama, macho yake yakiwa kwenye magari, akanyoosha mkono akanishika kunivusha, kama nilipokuwa na miaka sita. Ulikuwa mkono wa kulia. Hakuwa ameuangalia.

Tulipofika katikati akasema, "Una mkono baridi."

Kisha akasimama. Nilimvuta tukamalizia kuvuka, tukasimama karibu na mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi. Mama aliinua mikono yetu iliyoshikana akaiangalia.

"Ama ni wangu ndio baridi?" akauliza. "Sijui. Nimesikia baridi, lakini sijui ni ya nani."

Nikautoa mkono wangu nikauweka shavuni mwangu. Ulikuwa barafu. Nikauchukua wa kwake nikauweka shavu la pili. Ulikuwa na joto, joto la mkono uliokuwa umekaa ndani ya leso asubuhi nzima.

"Ni wangu," nikamwambia. "Ni mimi mwenye baridi."

Mama akaurudisha mkono shavuni mwangu kwa muda kidogo, kuhakikisha. Halafu akanipiga bega.

"Na nilikuambia uvae sweta," alisema. "Twende, tusichelewe kwenye foleni."